Viti vya Kuazima

Siku aliyokuja mkaguzi, Mwanahawa alifagia mara mbili, kisha akaazima viti viwili vya sofa kwa jirani yake, Bi Kibibi, maana mgeni hakalishwi kwenye mkeka uliotoboka. Sheria mpya iliwapa watoto wa maskini kadi ya matibabu ya bure, na Siwema, bintiye wa miaka sita mwenye ugonjwa wa moyo, aliingoja; mkaguzi ndiye aliyeamua nani ni maskini.

Mkaguzi alikunywa chai, akapapasa mkono wa kiti, akaandika.

"Hongera, mama. Nyumba hii inajiweza."

"Viti si vyangu, baba! Nimeviazima kwa heshima yako."

"Kila nyumba naambiwa hivyo hivyo," alisema kwa upole, akafunga faili. "Ahsante kwa chai."

Jioni Bi Kibibi alibisha hodi.

"Haya shoga, bwana mkubwa kashiba? Nipe viti vyangu, wanangu wamekalia ndoo."

Akaingia. Siwema alikuwa amelala ameketi kwenye kiti kimoja, akipumua vizuri. Akilazwa mkekani pumzi humkatika. Bi Kibibi alisimama, mkono ameuweka kwenye kiti cha pili.