Mashavu ya Bibi Harusi

Mashavu ya Mwanakheri yalitangulia kuingia chumba cha hina, mwenyewe akafuata nyuma. Vidonge vya ugonjwa wa figo ndivyo vilivyoujaza uso wake, ukawa mviringo kama andazi lililoshiba hamira.

Kila asubuhi alivimeza mwenyewe baada ya kula. Leo mikono yote miwili ilikuwa na hina mbichi, na bibi harusi mwenye hina hagusi kitu. Hulishwa na somo yake, mwanamke anayemfunda na kumtunza.

Somo, Bi Zamda, alimlisha mkate wa kumimina mpaka akashiba, kisha kidonge akakifumbata kiganjani.

"Mwanangu, viache hivi mpaka harusi ipite, uso urudi. Watu wanakuja kutazama bibi harusi, hawaji kutazama mwezi mpevu."

"Daktari mwenyewe atavipunguza, somo, kidogo kidogo. Nikiviacha ghafla naweza kuzimia pale pale ukumbini, mkaniozesha nimelala."

Wanawake waliokuwa wakichanganya hina wakaangua kicheko.

"Na picha je?" Bi Zamda akashikilia. "Zitakaa ukutani miaka na miaka!"

"Zikae, na mimi niwepo nizitazame. Uso huu umekuja pamoja na uzima wangu. Siufichi."

Bi Zamda akafumbua kiganja polepole, akakishika kidonge kwa vidole viwili, kama anavyoshika kipini cha dhahabu anapomvisha bibi harusi puani.

Mwanakheri akayainua mashavu yake, yote mawili, akafungua kinywa.