Pimbi na Vita Visivyokuja

Zamani nyati walipokuwa na serikali yao, mshauri wao wa ulinzi alikuwa Pimbi, asiye na hata pembe. Alichunguza nyendo za fisi, akapanga zamu kivukoni, na vita havikuja. Alipostaafu wakamcheka: "Umetutisha bure maisha yako yote."

Pimbi akabaki kwenye jiwe lake, akiikumbuka kazi ile kwa uchungu. Siku moja akaja Fisi mzee, aliyekuwa jemadari wa adui.

"Nimekuja kukusabahi, bwana mkubwa," akasema. "Kila tulipotaka kuvamia, tulikuta umeshatuwahi. Tukarudi na njaa zetu."

Wazee wale wakaketi wakikumbushana vivuko vya enzi zao. Bondeni nyati walikuwa wamelala fofofo, kama walivyolala miaka yote.