Joho Kutoka Isfahan

Asubuhi ya siku aliyokuwa atukuzwe, Garshasp Khan alinyolewa ndevu zote, akavishwa kanzu ya mtunza farasi iliyonuka jasho la mtu mwingine.

"Inakubana?" aliuliza Esfandar, jemadari wake.

"Inaniwasha."

"Vumilia, Khan wangu. Maiti haiwashwi."

Chini, kwenye mlango wa bonde, mjumbe wa Shah alikuwa ameshapiga hema. Hapo ndipo ukoo wa Azarvand ulipopokea majoho ya heshima tangu enzi za mababu. Asiyevikwa joho si Khan wa mpaka, hata awe na ngome kumi. Na anayevikwa huweka silaha chini, humpa mjumbe mgongo, na kunyoosha mikono nyuma ili aingiziwe joho.

Baba yake Garshasp alikuwa ameingiza mkono mmoja tu jambia lilipomzamia mbavuni. Shah wa wakati ule alikuwa amesikia kwamba anakula na Sultani wa upande wa pili wa mlima. Tangu siku ile Garshasp alitawala bila joho, akakwepa kila mwaliko, na hakuna mtu wa Isfahan, mji wa Shah, aliyewahi kumtia machoni. Sasa kulikuwa na Shah mpya, mjumbe mpya, na joho ambalo kulikataa kungeleta mizinga. Tena Garshasp naye alikuwa amekula na Sultani, sana.

Esfandar ndiye aliyekuja na habari kwamba mjumbe ana kisu kwenye mkono wa joho. Esfandar huyo huyo ndiye aliyemtaja Nurali. Nurali alikuwa ndugu wa kunyonya wa Khan. Walinyonya ziwa moja, wakarefuka kimo kimoja, na wakiwa mbali hata mbwa wa ngome waliwachanganya.

Nurali aliingia amevaa hariri, ndevu zimechanwa.

"Nimependeza?"

"Bwana harusi mtupu," alisema Esfandar.

Garshasp hakucheka. Alivua pete yake ya muhuri akamvisha ndugu yake. "Ukifa, mama yako nitamtunza mimi."

"Na nisipokufa?"

"Basi hatari imepita. Nitajitokeza, tutamwambia mjumbe, tutacheka."

"Tutacheka," alisema Nurali.

Mlangoni alisimama Mahpari, mama yake Nurali, aliyewanyonyesha wote wawili. Alikuwa akifukiza mbegu za esfandi za kukinga kijicho. Alizungusha moshi juu ya kichwa cha mwanawe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akafunika chetezo.

"Mama, na mimi je?" aliuliza Garshasp.

"Wewe leo nani atakuona, mwanangu?"

Jibu lilikuwa la haki, lakini lilimkaa vibaya kifuani.

Waliteremka, Nurali juu ya farasi mweupe, Garshasp akishika hatamu na kukanyaga tope la theluji, Esfandar na Mahpari wakifuata nyuma. Watu walikuwa wamejipanga njiani, mashavu yamewabonyea. Kipindi chote cha baridi Garshasp alifunga ghala na kuwauzia ngano watu wa Sultani, huku Nurali akigawa unga wa nyumbani kwake hadi pipa likabaki vumbi. Sasa watu hao walisukumana kuibusu rikabu aliyokanyaga Nurali. Kizee mmoja alilia kwa sauti, akimwita Khan wetu.

Garshasp alimsogelea jemadari. "Mbona wanaigiza vizuri hivi? Umewaambia wangapi?"

"Wanaopaswa kujua tu, Khan wangu. Inamisha kichwa, mjumbe anatazama."

Mjumbe, Mirza Habib, alikuwa mzee mwenye mafua, aliyechoka na milima. Alilikunjua joho jekundu lenye nyuzi za dhahabu. Garshasp alilikodolea macho akitafuta kitu kigumu ndani ya kitambaa.

"Mikono," alisema Mirza.

Nurali alishuka, akaweka upanga chini, akageuka. Garshasp alikaza hatamu. Ulikuwa mgongo wa mtu mwingine, lakini mbavu zilizouma zilikuwa zake. Mkono wa kwanza uliingia. Aliuma meno asipige kelele. Mkono wa pili ukaingia.

Hakuna kilichotokea. Mirza Habib alinyoosha ukosi, akapiga chafya, akasoma hati kwa sauti iliyokwaruza: aliyevikwa joho hili ndiye Khan wa milima hii, na atakayemvua amemvua Shah mwenyewe, na kichwa chake ni halali kwa upanga. Ngoma zikapigwa.

Furaha ilimpanda Garshasp hadi machozi. Hapakuwa na kisu! Aliachia hatamu, akawapenya wazee wa ukoo, akasimama mbele ya mjumbe huku akicheka na tope limemfika magotini.

"Mirza, utusamehe. Garshasp Khan ni mimi. Huyu ni ndugu yangu wa kunyonya. Tulikuwa tunakupima tu."

Mirza Habib alimtazama kuanzia viatu hadi kidevu kisicho na ndevu. Kisha akawageukia wazee. "Anasema nini huyu?"

Mahpari alitazama chini. Esfandar alitazama vilele, kana kwamba anakadiria theluji itayeyuka lini.

"Esfandar!" alipaza sauti Garshasp. "Mwambie! Mwambie mimi ni nani!"

Mmoja baada ya mwingine, wazee wa Azarvand walipiga magoti mbele ya joho jekundu. Wa mwisho kupiga magoti alikuwa Esfandar.

Nurali alimwendea ndugu yake, akamwekea mkono begani kwa upole.

"Mvumilie, Mirza," alisema. "Kweli tumenyonya ziwa moja. Lakini maskini, tangu utotoni hudhani yeye ndiye mimi."