Ghala la Saba

Jeshi la wageni lilipofunga kambi yake na kuondoka, Bi Mishi alikuwa wa kwanza kufika getini.

"Ingia, mama," alisema Nyale, mlinzi aliyeachwa hapo. "Lakini hamna kitu. Wamebeba hata balbu."

"Sikuja kuchukua kitu, baba. Nimekuja kumzuru mwanangu."

Miaka thelathini na minne nyuma, kijiji chao kilihamishwa ili yajengwe maghala ya shehena za vita vya mbali. Waliahidiwa kwamba makaburi yatazungushiwa ua. Bi Mishi aliamini, akapanda lori la kuwahamisha akiwa bado na maziwa kifuani.

Sasa aliutafuta mkuyu uliokuwa karibu na kaburi, asiuone. Alitafuta kisima, akakuta kimefukiwa. Alikitazama kilima cha kusini, akakisia, akaingia ghala la saba na kusimama katikati ya sakafu.

"Ni hapa."

"Una hakika, mama?"

"Sina."

Nyale aligonga sakafu kwa rungu lake. "Zege hili lilibeba vifaru. Sululu haiwezi kulipasua."

Bi Mishi alipiga magoti, akaomba maji. Nyale alidhani ana kiu, akampa chupa yake. Mama akayamimina taratibu, kama watu wanavyomwagia kaburi, huku akilitaja jina la mtoto.

Maji hayakuzama. Yalitambaa juu ya zege, yakavuka madoa ya mafuta, yakaendelea kuteremka kuelekea mlangoni, kwenye jua.