Huruma ya Mkono Mmoja

Apa kwanza kwamba humwambii mtu. Umeapa? Na mimi niliapa hivyo hivyo, na leo wewe ni wa nne kuambiwa.

Katika chuo cha udaktari cha wanyama, mtihani wa mwisho ulikuwa kumfariji mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe Mama Kanga, kalala hoi tangu yai lake lipotee asubuhi. Atakayefaulu avikwe koti jeupe.

Nyumbu alisahau maneno yote, akaishia kulia naye. Wenzake wakamcheka.

Akaingia Nguchiro, fundi wa maneno. "Pole, shangazi," akasema, chozi likimtiririka. "Napajua kabisa panapokuuma." Akamkumbatia. Darasa likapiga makofi.

Mwalimu Pimbi, macho hayambanduki, akauliza, "Mbona kwa mkono mmoja?"

"Huu mwingine umeteguka, mwalimu."

"Masikini! Na hapa tumejaa madaktari. Hebu mtazameni."

"Pole, ndugu yangu," akasema Nyumbu, akauinua ule mkono taratibu. Yai likachomoka kwapani, likatua kitandani mbele ya chuo kizima.

Mama Kanga akaketi wima. "Ala! Kumbe kweli unapajua panaponiuma!"