Chumba cha Tatu

Mafuriko yalipoondoka na nyumba ya Bi Mwanakheri, yaliondoka pia na Shamte, mwanawe wa pekee. Maji yalipokwisha kupungua, afisa wa ardhi alimfuata kiwanjani na habari njema: waathirika wamesamehewa ada ya kibali na kodi ya vifaa vya ujenzi, mradi kila mtu ajenge nyumba ileile iliyobomoka.

"Mimi nataka vyumba viwili tu, mwanangu."

"Ilikuwa na vitatu, mama. Ukipunguza, itahesabika nyumba mpya, na msamaha hautakuhusu."

"Cha tatu kilikuwa cha Shamte."

Afisa aliinamisha kichwa. "Pole sana, mama. Ndivyo sheria inavyosema."

Bi Mwanakheri hakuwa na uwezo wa kujenga bila msamaha ule. Kesho yake fundi alikuja, akachomeka vigingi na kuvuta kamba kuonyesha kuta.

"Mlango wa chumba hiki tuuweke wapi?" aliuliza.

Bi Mwanakheri alivua kandambili, akaivuka kamba, akasimama mahali kilipokuwa kitanda cha mwanawe.

"Uelekee chumbani kwangu," alisema, "nimsikie akiingia."

Fundi alipiga magoti topeni, akakisogeza kigingi cha mlango taratibu.