Arobaini ya Raya

Sheria ya Undugu wa Uboho haikuacha mwanya: mtoto aliyepandikizwa uboho amezaliwa upya, na aliyeutoa ndiye mzazi wake. Kwa hiyo siku ya arobaini Bi Mize alikuja na wembe kumnyoa Raya na kumpa jina. Aliingia bila hodi.

Mashavu alisimama mbele ya bintiye. "Nywele hizi zimeota nyumbani kwangu. Humgusi!"

"Zimeota kwa damu yangu, bibi wee. Bila mimi ungekuwa umeshamzika. Sogea."

Mashavu akasogea, huku akisaga meno. Nywele changa zikaangukia kanga ya Bi Mize, naye akazifunga pindoni. Kisha akatoa mkobani gauni dogo la manjano linalonuka kafuri, akamvisha mtoto. Likamkaa sawasawa.

"Ataitwa Zuhura."

Zuhura alikuwa binti pekee wa Bi Mize. Mashavu alihudhuria maziko yake mwaka jana.

"Raya!" alifoka. "Vua hilo gauni, uje hapa!"

Mtoto aliinua kipara chake, akamtazama kwanza Bi Mize, kama anayeomba ruhusa ya kuitika.